Vikorombwezo vya gari la porini: kipi kina bei, kipi ni gharama tu

MUUZAJI wa gari la porini lililofanyiwa marekebisho huja sokoni na hesabu nyepesi: bei aliyonunulia, jumlisha malipo ya fundi, hiyo ndiyo bei ya kuuzia. Mnunuzi hulitazama gari hilo hilo na kujiuliza litamfanyia kazi gani. Katikati ya hesabu hizo mbili ndipo wafanyabiashara wa magari yaliyotumika, hasa wenye mitaji midogo, wanapopoteza fedha.

Tatizo hili huonekana zaidi kwa Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984, na Land Rover Defender za zamani, ambazo uzalishaji wake ulikoma Januari 2016. Karakana za Arusha na Nairobi hurefusha chesisi za magari hayo ili kupata safu nyingine ya viti, hutengeneza paa la kufunguka kwa ajili ya watalii, na huweka springi nzito, winchi, keria, matangi ya ziada na ngao za mbele. Mamilioni ya shilingi huingia karakana, lakini si kila shilingi iliyoingia hurudi sokoni.

Anza na gari tupu

Hatua ya kwanza ni kutafuta bei ya msingi, yaani bei ya gari la aina hiyo, mwaka huo, injini hiyo na hali hiyo, lisilo na nyongeza yoyote. Bei inayofaa ni ile ambayo magari yamelipiwa, si ile inayotajwa na dalali wala iliyobandikwa kwenye kioo cha yadi. Magari matatu au manne yaliyouzwa karibuni yanatosha kutoa picha.

Injini hubadili bei hiyo hata kabla ya kufika kwenye vikorombwezo. Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ, ya lita 4.2 isiyo na turbo, hutafutwa kwa sababu mafundi wengi wanaijua na inatengenezeka hata mbali na mjini.

Mita ya kilometa nayo isomwe kwa uangalifu. Tairi lenye kipenyo cha milimita 800 likibadilishwa na la milimita 880 bila mita kurekebishwa, gari hutembea asilimia 10 zaidi ya inavyoonyeshwa. Mita ikisoma kilometa 100,000 zilizotembewa kwa matairi hayo, gari limetembea 110,000.

Makundi matatu ya marekebisho

Kundi la kwanza ni vitu vinavyofunguka kwa spana: winchi, keria, taa, redio ya mawasiliano, rimu. Hivi vina bei yake sokoni hata vikitolewa garini. Thamani yake ni ile ambavyo vingeuzwa vikiwa vimetumika, si bei ya dukani. Ikiwa mnunuzi havihitaji, mfanyabiashara anaweza kuvitoa na kuviuza peke yake, mradi bampa na vifaa vya awali vimetunzwa.

Kundi la pili ni marekebisho yanayolenga kazi maalumu: paa la kufunguka, viti vya watalii, tangi la ziada, springi za mizigo. Haya yana thamani kwa mtu mwenye kazi hiyo tu. Aidha, yana uzito. Tangi la ziada la lita 90 likijaa dizeli huongeza kilo 75 hivi, bila kuhesabu chuma cha tangi lenyewe. Nyongeza kama hizo zikiwekwa pamoja huchosha shokapu, bushi na breki, na matengenezo hayo humwangukia mnunuzi.

Kundi la tatu ni yale yanayogusa mifupa ya gari: chesisi iliyokatwa na kuunganishwa, injini ya aina nyingine, bodi iliyobadilishwa. Hapa kazi nzuri huongeza bei na kazi mbaya huiangusha kuliko gari tupu. Gari lililorefushwa liingizwe chini na fundi asiye wa muuzaji. Atazame mistari ya kuchomelea, nyufa na kutu kwenye maungio, unyoofu wa chesisi kutoka mbele hadi nyuma, na propela shafti iliyorefushwa. Gari likitetemeka kwenye mwendo fulani tu, shafti na pembe zake ni kati ya vitu vya kwanza kukaguliwa.

Land Rover iliyowekwa injini ya Toyota ni mfano mwingine. Mtu wa kazi anaweza kuipenda, lakini anayetafuta Defender halisi, ambayo sasa haitengenezwi tena, ataiacha. Soko lake limepungua mlango mmoja.

Gari moja, bei mbili

Tuseme Land Cruiser ina bei ya msingi ya Sh. milioni 60. Mwenyewe ametumia milioni 20 kwa marekebisho, na anataka milioni 80. Tarakimu hizi ni za kuonyesha njia ya hesabu, si bei za soko.

Kampuni ya utalii ingehitaji paa na viti. Vipya vingeigharimu milioni 10, na kwa uchakavu wake inavihesabu kwa milioni 6. Springi na shokapu inazipa milioni 1.5, ngao na winchi milioni 2, keria na tangi milioni 1. Jumla ya nyongeza ni milioni 10.5. Ikitoa milioni 4 za matairi na matengenezo ya lazima, gari lina thamani ya milioni 66.5.

Mkandarasi wa barabara hana watalii. Kwake paa la kufunguka ni njia ya vumbi na maji ya mvua, na kulifunga pamoja na kuondoa viti kutamgharimu milioni 3. Atakubali springi, winchi, keria na tangi kwa milioni 4.5, atatoa milioni 4 za matengenezo na milioni 3 za kufunga paa. Kwake gari ni milioni 57.5, chini ya gari tupu.

Tofauti ni milioni 9, na chuma ni kile kile. Mfanyabiashara asiyejua atamuuzia nani hana budi kutumia hesabu ya mkandarasi. Akitaka faida ya milioni 4, akitenga milioni 1.5 za dalali, yadi na uhamisho, na fedha yake ikiwa ni ya mkopo wa riba ya asilimia 2 kwa mwezi kwa miezi mitatu, asilipe zaidi ya milioni 49. Mwenye mnunuzi wa utalii aliyekwisha kuweka amana, anayetarajia kumaliza mauzo ndani ya mwezi mmoja, anaweza kufika karibu milioni 60. Milioni 80 haimo katika hesabu yoyote kati ya hizo.

Bei hufuata kazi

Marekebisho ya kazi maalumu hupanda na kushuka pamoja na kazi yenyewe. Idadi ya watalii wa kigeni walioingia Tanzania ilishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi 620,000 hivi mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19. Gari lenye paa la kufunguka na viti saba halikuharibika mwaka huo, ila kazi iliyolipa bei yake ilisimama. Aliyekuwa na gari la kawaida la dizeli bado aliweza kubisha hodi kwa wakandarasi, wakulima na wachimbaji.

Hata katika mwaka wa kawaida kuna msimu. Kwenye mbuga za kaskazini mwa Tanzania, miezi ya Juni hadi Oktoba ina wageni wengi, na masika ya Machi hadi Mei huwa na wachache. Kampuni inayojiandaa na msimu huhitaji gari kabla ya Juni. Gari la utalii linaloingia yadi msimu ukiisha linaweza kukaa, na riba haingoji wageni.

Karatasi na bima

Kadi ya gari ilingane na gari lenyewe: namba ya chesisi, namba ya injini, rangi, aina ya bodi na idadi ya viti. Injini ikiwa imebadilishwa na kadi haijabadilishwa, uhamisho wa umiliki unaweza kukwama, na fedha ya mnunuzi ikakwama nao. Namba ya chesisi iliyofutika au kuchomelewa upya ni sababu tosha ya kuacha biashara, hata bei ikishushwa kwa nusu.

Kwa upande wa bima kubwa, vikorombwezo vitajwe kwa kampuni ya bima na thamani yake ikubaliwe kwa maandishi. Nyongeza ambayo kampuni ya bima haikuarifiwa ni vigumu kudaiwa siku ya ajali, na marekebisho makubwa yaliyofichwa yanaweza kuponza dai zima.

Muuzaji naye ana la kufanya. Atunze springi, viti na bampa za awali, risiti za karakana na picha za kazi ya chesisi kabla haijapakwa rangi. Vitu hivyo humwezesha mnunuzi wa pili kulirudisha gari katika hali yake ya awali au kuamini kazi iliyofanyika, na hapo bei ya mkandarasi na bei ya mtu wa utalii husogeleana. Asiye navyo ajiandae kuuza kwa bei ya gari tupu, au chini yake.