Kumuenzi Mwimbaji: Kaburi, Wasifu na Santuri

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza njia tatu za kumuenzi mwimbaji aliyekwisha kufariki: kaburi, wasifu na sauti iliyohifadhiwa. Mfano mkuu ni Siti binti Saad wa Unguja, aliyefariki mwaka 1950, akilinganishwa na Bessie Smith, mwimbaji wa bluzi wa Marekani. Hoja inayotetewa ni kwamba santuri isiyofafanuliwa huhifadhi sauti ya mwimbaji, lakini haimuenzi.

2.0 Kaburi

Bessie Smith alianza kurekodiwa mwaka 1923, na santuri zake zikauzwa kwa wingi. Hata hivyo, baada ya kufariki katika ajali ya gari mwaka 1937, kaburi lake lilikaa bila jiwe hadi mwaka 1970. Yaani watu waliendelea kuisikiliza sauti huku mwenye sauti akiwa hana hata alama ya jina lake.

3.0 Wasifu

Siti, mzaliwa wa Fumba aliyewahi kuchuuza vyungu, alirekodiwa Bombay mwaka 1928 na kampuni ya His Master's Voice. Yeye alipata heshima ya namna nyingine. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, aliandika Wasifu wa Siti Binti Saad, uliotolewa mwaka 1958 kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki. Wasifu huo unamwonyesha Siti kama kielelezo cha bidii na tabia njema. Lakini sifa za mtu si ufafanuzi wa nyimbo zake.

4.0 Santuri na msikilizaji wake

Lukozi, katika wilaya ya Lushoto, imo katika mkoa ule ule wa Tanga uliomzaa Shaaban Robert. Tuchukue mwanafunzi aliyekulia huko milimani, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kishambaa na ambaye Kiswahili alikipata shuleni, sokoni na redioni. Akiisikiliza santuri ya Siti, atakabiliwa na vikwazo vitatu: msamiati wa Kiunguja cha zamani, silabi zinazovutwa ili kufuata lahani, na mafumbo yanayotegemea matukio ya mjini Unguja.

Wimbo wa "Kijiti" unathibitisha jambo hili. Unahusu mauaji ya mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam: mshitakiwa alitorokea bara, na wanawake waliotoa ushahidi ndio walioadhibiwa. Asiyekijua kisa hicho atasikia huzuni tu. Hatatambua kwamba wimbo unaishitaki mahakama yenyewe. Hapo ndipo Siti na waimbaji wa bluzi wanapokaribiana: si kwa lahani, bali kwa kuyasema hadharani madhila ya wanyonge.

5.0 Hitimisho

Kaburi huhifadhi jina, wasifu huhifadhi mwenendo, na santuri huhifadhi sauti. Maana ya wimbo haihifadhiwi na chochote kati ya hivyo. Kazi hiyo ni ya wanaisimu na wanafasihi: kuyanukuu maneno ya kila wimbo, kuyatolea sherehe, kueleza kisa chake, na kuwataja wenzake Siti, kama vile Subeit Ambar, Budda Swedi na Mbaruk Effendi Talsam, ambao mara nyingi sifa za mwimbaji huwafunika. Bila kazi hiyo, msikilizaji wa Lukozi atairithi sauti ya Siti, lakini hatayarithi maneno yake.