Kulehemu na Kutengeneza Kibao cha Saketi

Wanafunzi wengi hudhani kwamba kulehemu ni kuyeyusha lehemu na kuidondosha juu ya waya, kama mtu adondoshavyo nta ya mshumaa. Kazi ya namna hiyo haidumu. Lehemu ipendwayo na mafundi wa redio, yenye bati 63 na risasi 37 katika kila mia, huyeyuka kwa joto la digrii 183 za Sentigredi. Shaba haiyeyuki kwa joto hilo, wala haina haja ya kuyeyuka. Yatosha ipate moto kiasi cha kuipokea lehemu. Basi weka ncha ya chuma cha kulehemu penye kiungo, iguse waya na shaba pamoja, hesabu mbili tatu, ndipo ukiguse kiungo kwa lehemu. Usiiguse ncha. Ndani ya uzi wa lehemu mna utomvu wa msonobari uondoao ukoko uliotanda juu ya shaba. Ule moshi uuonao ni wa utomvu huo, na haufai kuvutwa.

Adui mkubwa ni kiungo kilichopata moto hafifu. Lehemu yake hujikunja duara, kama tone la maji juu ya jani la mgomba. Redio huenda ikalia siku ya kwanza; ukiitikisa, kimya! Mtu hubadili betri, hubadili transista (nazo si bure), kumbe ubovu ni lile tone tu.

Kibao chenyewe hakina uchawi. Twaa kibao kilichofunikwa shaba, kisugue mpaka king'ae, chora njia za umeme kwa kalamu ya wino usiotoka kwa maji, kisha kitie katika maji ya kloridi ya feriki, ukitikisa polepole. Shaba iliyo wazi huliwa, ya chini ya wino hubaki. Chombo kiwe cha plastiki, maana maji hayo hula sufuria. Baadaye toboa matundu ya milimita 1.

Anayeanza atumie betri ya volti 9, asiguse umeme wa ukutani. Maji yaliyokwisha kutumika yana shaba, nayo ni sumu kwa samaki. Yasimwagwe mtaroni, bali yatiwe katika chupa ya plastiki iliyoandikwa jina, apewe mwalimu wa kemia. Na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kwenda kula, kwa sababu ya risasi.