Trela la Safari na Mgongo wa Mama



Likizo za shule zinapoingia, baadhi ya jamaa zetu hufunga trela dogo nyuma ya gari, wakapakia mahema, mikeka na vyombo, wakaenda kupiga kambi Shimba Hills au ufukweni. Ni jambo jema. Lakini tazameni anayelipa gharama ya upakiaji ule. Sufuria imelaliwa na mahema, mchele uko pembeni kabisa, na anayeingia trelani kwa kuinama, buibui kalikusanya kwa mkono mmoja, ni mama. Adhuhuri ikiingia njiani, maji ya kutawadhia nayo yako nyuma ya kila kitu.

Dawa yake ni trei ya kuvuta. Si kitu kigeni kwetu. Masanduku ya kale ya Pwani, yale ya misumari ya shaba, mengi yana watoto wa kuvuta chini yake. Hii ni kama mtoto wa meza, ila amekuwa mkubwa.

Fundi wa kuchomelea huunda fremu ya paipu za mraba, akaifunga kwa bolti kwenye sakafu ya trela. Juu yake hukaa reli mbili, kisha plaiwudi ya milimita 18 yenye ukingo. Reli zinunuliwe kwanza ndipo mbao zikatwe, kwani kila aina ina unene wake, na reli zisipokuwa sambamba trei hukwama. Ulizeni uzito unaobebwa na jozi, wala msiufikie. Madumu mawili ya maji ya lita 20 peke yake ni kilo 40, kabla ya mchele na sufuria. Chuma kipakwe rangi ya kuzuia kutu, maana hewa yetu ya chumvi haina huruma. Grisi isizidi: hushika mchanga.

Hapa pana hatari ambayo mafundi wengine huipita kimya. Trela la magurudumu mawili likifunguliwa kutoka kwenye gari, kisha trei iliyojaa ikavutwa nyuma, uzito huvuka ekseli, pua ikainuka, na nyuma ikaanguka ghafla. Na watoto hupenda kucheza hapo hapo nyuma! Trei isivutwe mpaka trela liwe limefungwa kwenye gari, au limewekewa miguu imara ya nyuma. Tena iwe na komeo mbili: moja ya kuizuia ikiwa ndani, isichomoke mlimani, ya pili ikiwa nje, isirudi ikabana vidole vya mpishi.

Mtungi wa gesi usikae kwenye trei ndani ya trela lililofungwa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini, ikingoja cheche. Usimamishwe wima, umefungwa, mahali penye upepo.

Bibi Aisha (r.a.) alisimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwahudumia ahali zake nyumbani. Basi akina baba, msiagane na fundi nyinyi wawili tu. Trei yafaa ifike kiunoni mwa atakayepika, na kiuno cha mama si kiuno cha fundi. Mwiteni asimame kando ya trela, apimwe urefu, aseme dumu la maji ya kutawadhia likae upande gani, kabla chuma hakijakatwa.