Kitabu cha Ruthu na nyumba ya mjane

Katika kikundi chetu cha kusoma pale parokiani tumemaliza Kitabu cha Ruthu. Kina sura nne tu. Tulisoma sura moja kila Alhamisi, baada ya soko. Asiyejua kusoma anasikiliza, kisha anatoa wazo lake kama wengine.

Tulidhani ni hadithi ya mkwe mwema tu. Lakini tulipofika pale Ruthu anapookota masuke ya shayiri nyuma ya wavunaji, mama mmoja alianza kulia. Yeye ni mjane. Mashemeji walimwambia atoke nyumbani kabla hata matanga hayajaisha. Alilificha jambo hilo miezi mitatu, kwa haya. Ametukubalia tuliandike.

Tuliulizana: Naomi na Ruthu, wajane wawili, waliponaje? Naomi alijua desturi za ukoo, Ruthu alikuwa na nguvu za kazi, na hawakuachana. Tena Boazi alimaliza shauri langoni pa mji, mbele ya wazee, siyo kwa siri.

Basi nasi tulifungua Sheria ya Familia ya mwaka 1987. Kifungu cha 785 kinampa mjane haki ya kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe. Wamama wanne walimsindikiza kwa wakubwa wa ukoo. Shauri halijaisha, lakini yeye na watoto wangali nyumbani mwao.

Mama, kama una shida ya namna hiyo, usiifiche. Alhamisi ijayo tunaanza Waraka wa Yakobo. Karibu.