Dafu Lililomo Kiunoni

Aliyeniuliza ni mdogo wenu kabisa, yule asiyeacha jambo bila kulichimbua. Alinikuta juu ya mbuzi nakuna nazi. Nilipomaliza nikaweka mikono mapajani, nikajiinua nusu, nikangoja kidogo, ndipo nikanyooka. "Bibi," akasema, "kiuno chako kimevunjika?"

Hakijavunjika, wajukuu zangu. Kaeni niwaeleze, na kwa kuwa makumbi bado yapo hapa, tuanze na nazi.

Mmoja ampitishie mwenzake kidole mgongoni, taratibu, kutoka shingoni kushuka. Mnazigusa zile nundu? Kila nundu ni ncha ya mfupa mmoja, pingili, kama pingili za muwa. Za kiunoni ni tano, nene kuliko zote zilizo juu yake, maana zinabeba kiwiliwili, kichwa na ndoo uliyojitwika. Baina ya pingili na pingili pana kitakia cha duara ambacho madaktari hukiita diski. Nje kimezungushwa nyuzi ngumu, tabaka juu ya tabaka, mfano wa kumbi. Katikati pana ute mzito uliojaa maji. Hilo ndilo dafu lenu.

Nazi mnaijua safari yake: kitale, dafu, koroma, nazi, mbata. Diski nayo ina safari. Mtoto anapozaliwa, ule ute wa katikati ni maji kwa zaidi ya asilimia 80. Miaka inavyokwenda maji hupungua, kitakia kikawa chembamba, pingili zikasogeleana. Ukishapita miaka 40 hivi, kimo huanza kushuka, yapata sentimita moja kila miaka 10. Gauni nililoshona kwa harusi ya mama yenu lilikuwa likiishia vifundoni. Leo linafagia sakafu.

Kuna jambo linalonishangaza mpaka sasa. Ndani ya diski ya mtu mzima hakupiti mshipa wa damu. Itakula wapi? Yaangalieni haya machicha ndani ya kifumbu: ukiyakamua yanatoa, ukiyatia maji yanakunywa. Mchana, ukitembea na kusimama, uzito wako unazikamua diski. Usiku ukilala zinafyonza tena, na chakula chao huingia humo humo, kidogo kidogo. Ndiyo maana mtu mzima huamka mrefu kuliko alivyolala, kwa sentimita moja hivi au mbili. Wanaanga, kwa kuwa huko juu uzito hauwakandamizi, hurefuka hata kwa asilimia 3, na wakirudi duniani hurudia kimo chao.

Sasa, diski zikishakuwa nyembamba, vile viungo vidogo vilivyo nyuma ya pingili hubeba mzigo zaidi. Gegedu lao hulika, na mwili huotesha vijimfupa pembeni. Pengine hivyo vijimfupa hubana njia ya neva ziendazo miguuni. Mmemwona yule babu anayesimama kila baada ya nyumba tatu, miguu imemfa ganzi, lakini akiinama akaegemea baiskeli yake anaisukuma mpaka sokoni? Msiseme anajifanya mgonjwa. Akiinama, njia ile hupanuka, neva zikapumua.

Lakini kukauka si lazima kuume, na hili nataka mlishike. Mwaka 2015 wataalamu walikusanya tafiti za picha za migongo ya watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo hata kidogo. Miongoni mwa wenye miaka 20, asilimia 37 tayari walikuwa na diski zilizoanza kuchakaa. Wenye miaka 80, asilimia 96. Ndiyo maana naumia nikisikia mtu kaonyeshwa picha, kaambiwa mgongo wake umekwisha, naye akarudi kulala kitandani mwezi mzima. Misuli inalegea, diski zinakosa ule mkamuo unaozilisha, na maumivu aliyokuwa nayo yanapata nyumba ya kudumu. Mimi natembea kila asubuhi mpaka kisimani na kurudi. Siku kiuno kimekaza, natembea polepole.

Yapo ya kukimbilia hospitali. Mzee akisema amekufa ganzi sehemu anazokalia, au mkojo umeziba, au miguu imeishiwa nguvu ghafla, mwambieni mtu mzima saa hiyo hiyo. Hali kadhalika akiumwa sana mgongo baada ya kuanguka, hata kidogo tu, kwani mifupa ya wazee, hasa sisi wanawake, huwa myepesi kuvunjika.

Haya, nani ana kipande cha mkaa? Kesho, kabla hamjapiga mswaki, njooni mlangoni bila viatu. Nitasimama mimi kwanza, visigino ukutani, mdogo wenu apige mstari juu ya kichwa changu. Jioni tukishaosha vyombo tutapiga wa pili, kisha tupime kwa rula.