Mafua Yasiyongoja Baridi

Wazungu wana kalenda ya mafua. Baridi ikikaribia, kliniki zao hujaa chanjo na magazeti yao hujaa tahadhari. Kampala haina kalenda hiyo. Ikweta inapita Kayabwe, kwenye barabara ya Masaka, na mwaka hapa hugawanywa na mvua: za Machi hadi Mei, kisha za Septemba hadi Novemba. Virusi vya influenza huzunguka miezi yote, vikipanda na kushuka bila kupiga hodi. Asiyepima kila wiki hajui wimbi limeanza lini.

Upimaji wenyewe hauna mbwembwe. Tangu 2007, vituo vya afya vya serikali, vikiwemo Kiswa na Kitebi hapa jijini, vimekuwa vikichukua sampuli za wagonjwa wa mafua. Katika foleni ya akina mama na watoto, muuguzi humtafuta mwenye homa ya nyuzi 38 au zaidi na kikohozi kisichozidi siku 10. Mama hushika kichwa cha mwanawe. Kijiti chembamba hupitishwa puani mpaka nyuma kabisa, huzungushwa, na kilio husikika mpaka getini. Ncha hukatiwa ndani ya kichupa, kichupa hupewa namba na kutiwa kwenye kikasha cha barafu tayari kwa safari ya Entebbe. Mama huondoka na dawa ya homa tu. Majibu ya maabara hayatabadilisha matibabu ya mwanawe. Sampuli ile ameitolea taifa zima, na sijui ni wangapi huambiwa asante.

Huko Entebbe ndiko iliko Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, UVRI, iliyoanzishwa 1936 kuchunguza homa ya manjano. Watafiti wake ndio waliogundua virusi vya Zika mwaka 1947, katika msitu ulio jirani. Basi 21 Machi 2020, Uganda ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, msafiri aliyetoka Dubai, haikulazimika kutuma sampuli ughaibuni. Utaalamu uliozoea mafua ya watoto wa Kitebi ulikuwa tayari nyumbani.

Kipimo ni kimoja, mipaka ni mingine. Madereva wa malori kutoka Mombasa walikwama Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, wakisubiri majibu ya korona, foleni ikinyoosha kilomita kwa kilomita, kwa kuwa kila serikali iliamini vijiti vyake tu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa na mtandao wa pamoja wa kufuatilia magonjwa tangu 2000, lakini ilibidi mizigo ikwame barabarani ndipo utengenezwe mfumo wa simu wa kumwezesha dereva kuvuka na cheti kinachotambulika upande wa pili. Virusi havikuwa vimeomba cheti.

Mafua ya kawaida nayo yaliachwa nyuma. Usafiri wa umma ulipopigwa marufuku mwishoni mwa Machi 2020, nani angetembea kutoka Nateete hadi kituo cha afya kwa ajili ya kamasi? Watu walijifukiza, wakanywa tangawizi na ndimu. Idadi ya wagonjwa ikishuka katika hali hiyo, huwezi kusema kwa urahisi kama virusi vimepungua au watu wamejifungia. Kisha Juni 2021 likaja wimbi la pili, nchi ikafungwa siku 42, na mwenye kikohozi akatazamwa kama mhalifu. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshauri sampuli moja ipimwe mafua na korona kwa pamoja. Kwa maoni yangu, huo ndio ushauri wenye faida ya kudumu kuliko barakoa zote tulizogawiwa.

Lakini ufuatiliaji huu umeegemea mno msaada wa CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, nchi ambayo Januari 2025 ilitangaza kujitoa katika Shirika la Afya Duniani. Vijiti, barafu na mafuta ya gari havinunuliwi kwa pongezi.

Na kuna swali la chanjo. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mchanganyiko wa chanjo ya mafua mara mbili kwa mwaka: Februari kwa nchi za kaskazini, Septemba kwa za kusini. Uganda imekanyaga pande zote mbili. Siku serikali itakapoamua kuwachanja wazee na wajawazito, wa kuiambia ichague upi, na ianze mwezi gani, ni daftari za Kiswa na Kitebi.