Urafiki wa Wanawake na Upelelezi wa Raia katika Hadithi ya Kihistoria

Utangulizi

Mtahiniwa akiulizwa aeleze nafasi ya mwanamke katika hadithi ya upelelezi, aghalabu huorodhesha wahusika wa kike na sifa zao, kisha akaishia hapo. Jibu la aina hiyo halipati alama nyingi. Swali lenyewe linamtaka aende mbali zaidi: katika jamii inayosawiriwa, nani ana ruhusa ya kuuliza maswali? Na nani huaminiwa anapojibu? Sehemu hii inafafanua suala hilo kwa kutumia mandhari ambayo wanafunzi wengi wa Ukambani wanayajua: Mtito Andei na reli.

Mpelelezi wa raia ni nani?

Mpelelezi wa raia ni mhusika anayetafuta ukweli wa kosa bila kuwa askari wala kulipwa mshahara wa kazi hiyo. Hana sare, hana hati ya kupekua nyumba, hawezi kumkamata mtu. Silaha zake ni macho, masikio na akili. Katika fasihi ya Kiswahili mfano maarufu ni Bwana Msa, mhusika wa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Riwaya ya kwanza ya mfululizo huo, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya uandishi ya mwaka wa 1957-58 na kuchapishwa mwaka wa 1960. Bwana Msa huandamana na rafiki yake Najum. Rafiki huyu ana kazi muhimu kisanaa: humwuliza mpelelezi yale ambayo msomaji angependa kuuliza, na kwa njia hiyo taharuki hujengeka.

Tanbihi: urafiki wa Bwana Msa na Najum ni wa wanaume wawili wenye nafasi ya kwenda watakako. Mwandishi akiwaweka wanawake wawili mahali pao, hadithi haibadiliki majina tu. Hubadilika njia ya kupata ushahidi, hatari inayowakabili wahusika, na hata maana ya haki.

Kwa nini kipindi cha kihistoria?

Hadithi ya upelelezi wa kihistoria huwekwa katika wakati uliopita ambao una kumbukumbu, lakini kumbukumbu zenyewe zina mapengo. Mwandishi hujenga fumbo lake ndani ya pengo.

Tazama mwaka wa 1898. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka wa 1896 ilikuwa imefika mto Tsavo, kusini-mashariki ya Mtito Andei. Simba wawili waliwashambulia wafanyakazi kwa miezi kadhaa, hata ujenzi wa daraja ukasimama kwa muda. Mhandisi J. H. Patterson aliwaua simba hao mnamo Desemba 1898, na mwaka wa 1907 akachapisha kitabu kuhusu kisa hicho. Humo anataja Wahindi 28 waliouawa. Kuhusu Waafrika, anasema tu kwamba walikuwa wengi na kwamba hesabu yao haikuwekwa rasmi.

Hilo ndilo pengo. Mtu asiyeandikwa popote akitoweka, nani atathibitisha kwamba aliliwa na simba? Wakati huohuo njaa kuu ambayo Wakamba waliiita Ngomanisye ilikuwa imezitawanya familia nyingi zikitafuta chakula. Kutoweka kwa mtu hakukuwa jambo la kushangaza. Mwovu angeweza kuificha dhambi yake nyuma ya simba.

Mfano wa kubuni

Wahusika hawa ni wa kubuni; tumewaunda kwa ajili ya zoezi hili. Kalondu na Syombua ni marafiki wa Mtito Andei tangu utotoni. Ndugu ya Kalondu amekwenda Tsavo kubeba mizigo ya reli. Mnyapara analeta habari: kijana ameliwa na simba, na ujira wake haupo. Wazee wanaomboleza. Baadhi ya watu wanasema simba wale si wanyama bali ni mizimu, kwa hiyo haifai kuulizauliza.

Siku moja Syombua, anayepeleka kuni kambini, anaona kibuyu mkononi mwa mtu asiyemjua. Kibuyu kiliwahi kupasuka na kushonwa. Syombua anaitambua mishono, kwa maana yeye na Kalondu walijifunza kushona pamoja. Mtu yule anasema alikinunua kutoka kwa mnyapara. Simba hali kibuyu, wala hakiuzi.

Uchambuzi wa mfano

(a) Ujuzi wa kike kama ushahidi. Kidokezi cha mshono kisingetambuliwa na afisa wala na mzee wa baraza. Kazi ambayo jamii huiona ndogo ndiyo inayofichua siri.

(b) Urafiki kama mbinu ya uchunguzi. Kalondu anajua tabia ya ndugu yake. Syombua anaweza kuingia kambini. Kila mmoja ana nusu ya ukweli. Katika jamii ya Wakamba, mwethya, yaani kundi la majirani wanaosaidiana kazi, ni mahali ambapo habari hukusanyika. Mwandishi akiutumia mtandao huo, upelelezi unaaminika.

(c) Urafiki unaojaribiwa. Mume wa Syombua anafanya kazi chini ya mnyapara yuleyule. Syombua akisema alichokiona, watoto wake watalala njaa katika mwaka wa Ngomanisye. Akinyamaza, anamsaliti rafiki yake. Hapa ndipo uzito wa hadithi ulipo. Swali la “nani alitenda?” linakuwa dogo kuliko swali la “rafiki atalipa gharama gani kwa ajili ya ukweli?”

(d) Akili dhidi ya ushirikina. Kama katika hadithi za Bwana Msa, wengine wanasingizia mizimu, nao wapelelezi wanafuata alama zinazoonekana.

(e) Haki isiyokamilika. Hata wakithibitisha, watamshtaki mnyapara kwa nani? Wakoloni hawakuliandika jina la marehemu. Huenda ushindi wao pekee ukawa kumrudishia ndugu jina lake, ili akumbukwe kama mtu aliyedhulumiwa na binadamu wenzake.

Makosa ya kuepuka

Usimsifu mhusika kwa neno “jasiri” bila kutaja tendo na hatari aliyoikabili. Usichanganye nyakati: mwaka wa 1898 hapakuwa na simu kijijini, barabara ya lami wala stesheni ya reli ya kisasa iliyoanza kazi mwaka wa 2017. Pia usidai kwamba marafiki hawagombani. Katika hadithi nzuri hugombana, na ugomvi wao husukuma msuko mbele.

Swali la marudio

“Rafiki ni macho ya pili ya mpelelezi.” Jadili kauli hii kwa kurejelea hadithi ya Kalondu na Syombua. (alama 20)

Mwongozo: Eleza maana ya kauli kwa ufupi. Toa hoja zisizopungua tano, kila moja ikiwa na mfano. Onyesha pia upande wa pili, pale rafiki anapoona jambo na kushawishika kulificha. Hitimisha kwa kueleza uamuzi ambao wewe ungeufanya ukiwa Syombua, na ulipie uamuzi huo kwa sababu. Mtahini hatafuti jibu la kupendeza, anatafuta jibu lililofikiriwa.